Meza Tatu za Kasri la Matema

Mshumaa hutoa harufu yake kali zaidi baada ya kuzimwa. Umeme unaporudi nasi tukapuliza mishumaa, kwa muda mfupi siko jikoni kwangu tena. Niko Matema, kando ya ziwa, ndani ya ukumbi wa mawe wa hoteli, nimenawa mikono, chakula kiko mbele yangu, na sili.

Hoteli ile haikufanana na kitu chochote kutoka Ikolo hadi Lyulilo. Mwenyewe alikuwa mtu wa kwetu aliyeishi Ulaya miaka mingi, akarudi na kasri la wafalme wa zamani kichwani mwake. Alijenga minara, akaweka lango la magogo linaloshushwa kwa minyororo, na pembeni joka la saruji lenye jiko la mkaa mdomoni ili litoe moshi. Wavuvi walisema amechanganyikiwa. Mama yangu, aliyekuwa akiwapikia mafundi wali na dagaa, alisema mtu anayeijenga ndoto yake kwa mawe hajachanganyikiwa, amechoka kuiota tu. Maneno yale yakamfikia mwenye hoteli, yakampendeza. Akamwahidi mama kwamba kabla ya watalii kuja, yeye na watoto wake watalala humo kama wageni, ili wahudumu wapate watu wa kujifunzia.

Mama hakuuona mwaliko huo. Baba alikuwa ametangulia kitambo. Ulipofika tulikuwa tumebaki watatu: mimi Sekela, niliyekuwa nikikaribia kumaliza shule ya msingi, Lusajo anayenifuata, na Bupe, ambaye akichoka bado alibebwa mgongoni kwa kanga.

Tulikwenda na baba mdogo, mfanyabiashara wa Kasumulu, na shangazi aliyeolewa Karonga, ng'ambo ya mpaka. Walikuwa wamekuja kumaliza msiba, na jambo lililobaki katika msiba lilikuwa sisi. Lilikwisha kuamuliwa. Lusajo angekwenda Kasumulu, Bupe angekwenda Karonga, na mimi ningebaki Ikolo kwa mama mkubwa niendelee na masomo. Hawakuwa watu wabaya. Kwetu watoto wa marehemu hawatupwi, ila hugawanywa, kila nyumba ikabeba inachoweza. Vifurushi vya wadogo zangu vilikuwa vimefungwa tayari, kwa kuwa kutoka hotelini kila mmoja angeshika njia yake.

Langoni tulipokewa na Ambokile, golikipa wa timu ya kijijini, amevaa nguo za chuma zilizokatwa kutoka kwenye bati la kuezekea. Kila alipoinama alivuma kama paa lenye mvua.

"Nani bwana wa nyumba hii?" akauliza kwa sauti nzito ya kufundishwa.

"Ambokile, si unanijua?" baba mdogo akasema.

"Nakujua, baba. Lakini nimeambiwa niulize."

Akamvika baba mdogo joho jekundu na taji. Shangazi akapiga goti kwa utani. "Shikamoo, malafyale," akasema, akimwita kwa cheo cha machifu wetu wa zamani. Tulicheka wote, kwa mara ya kwanza tangu tutoke makaburini. Chumbani tulikuta kitanda kirefu cha kupandwa kwa ngazi, kimezungushiwa mapazia mazito. Lusajo alikizunguka, akauliza kama mapazia yale yanazuia mbu au yanawafuga.

Jioni tukaitwa kwenye karamu, pamoja na watu wengine wa kijiji walioalikwa. Ukumbini kulitandazwa nyasi kavu, na mishumaa ilikuwa mingi kuliko kanisani siku ya Krismasi. Wahudumu wakatupanga kwa vyeo, kama walivyofundishwa. Mabwana walikaa meza ya juu. Mabibi na watoto wadogo, meza ya dirishani. Wavulana walipelekwa meza iliyo karibu na mlango, na wasichana wa rika langu meza ya pembeni mwa moto. Baba mdogo alifurahi. "Kumbe na Wazungu walikuwa na akili," akamwambia jirani yake. "Wanaume kwao, wanawake kwao."

Kikaja chakula: wali uliojaza ukumbi kwa harufu yake, ndizi za kupika, na samaki mbasa mzima wa kuchoma kwa kila meza. Watu wakaanza kula. Sisi watatu hatukula.

Hatukuwa tumekubaliana kufanya hivyo. Mama alipougua na chakula kikawa kidogo, alitufundisha kula sahani moja, na mkono wangu utangulie. "Anayeanza ndiye anayebakiza," alikuwa akisema, maana yake mkubwa aonje kwanza kisha awe wa kwanza kuacha. Basi kila mmoja alikaa mezani kwake na mkono mbichi kwa maji, akingoja.

Mwenye hoteli akamwinamia Lusajo. "Chakula kibaya?"

"Kizuri."

"Mbona huli?"

"Dada hajaanza."

"Sekela, anza, mwanangu," shangazi akaniita kutoka dirishani, Bupe akiwa mapajani pake amefumba mdomo. "Samaki anapoa."

Nikatia vidole kwenye wali wangu. Lusajo akanitazama kutoka mlangoni. "Hiyo ni sahani yako," akasema.

Hakusema kwa hasira. Alikuwa ananieleza tu. Nikasimama, nikaenda kumchukua Bupe, nikabeba sinia la shangazi, nikaketi chini kwenye nyasi katikati ya ukumbi. Lusajo akaja bila kuitwa. Ambokile alianza kutufuata aturudishe kwenye vyeo vyetu, mwenye hoteli akamshika bati la mgongo. Nikaanza, nao wakaanza. Nilimsikia Bupe akitafuna. Nilipoinua macho, baba mdogo alikuwa amevua taji, ameliweka kando ya sahani yake.

Asubuhi aliniita ufukweni.

"Hawa wakibaki na wewe nyumbani kwa mama yenu, shule huiwezi," akasema. "Mchele na sabuni nitaleta. Lakini nina wangu, siwezi kulala kwenu. Unajua unachotaka?"

"Najua, baba."

"Fikiri."

"Nimekwisha kufikiri."

Tuliporudi, shangazi alikuwa akifungua kifurushi cha Bupe. "Ndaga," akaniambia, asante, na sikujua ananishukuru kwa lipi.

Baba mdogo alileta mchele na sabuni mpaka nguvu zilipomwisha. Shule niliiacha, na wadogo zangu walikua chini ya paa moja. Kwa miaka mingi niliamini kwamba niliwashinda wakubwa kwa sinia la wali. Nilipofikia umri aliokuwa nao baba mdogo ndipo nilipoelewa kwamba angeweza kukataa, na hakuna mtu katika ukoo ambaye angemlaumu. Lusajo na Bupe walikwisha kupata walichotaka tangu alipovua taji. Lile neno "fikiri" lilikuwa langu peke yangu. Siku zile watu wote waliniona dada mkubwa. Yeye alikumbuka kwamba nami ni mtoto, akaniachia mlango wazi kidogo, nami nikaufunga haraka bila hata kuchungulia nje.

Nikiulizwa leo nitajibu vilevile. Ila nitafikiri kidogo kwanza, kama alivyoniomba.