Rubani wa Uwanja wa Mpira

Mume wa dada yangu ni fundi wa mafriji, lakini ukimwita fundi ananuna. Anataka aitwe Rubani. Ndege ya kweli anaiona ikipita juu tu kama sisi; za kwake ni za foamu ya kufungia mafriji mapya, anazirusha kwa rimoti.

Chumba chao cha pili kimejaa mabawa yaliyokatika, ndiyo maana mimi na kichanga changu tunalala sebuleni, mlangoni, upepo wote wetu. Juzi dada akachoka.

"Sikia, mume wangu. Hii ndege ya nne ikivunjika, chumba ni cha mtoto."

"Haivunjiki!" Kifua mbele.

Jumapili tukaongozana naye uwanjani. Kurusha anajua, sikatai. Kazi ni kutua. Ndege inakuja mbio kama mwizi anayefukuzwa, naye anashusha flapu zote kwa mkupuo, vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyoinama kuibeba ndege ikienda polepole. Ndege inainua pua, inaruka juu. Bwana mkubwa anashtuka, anazirudisha ghafla, ndege inakosa cha kuishikilia, puu! Tatu zilikufa hivyo hivyo, na lawama zote kautwisha upepo.

Nilikuwa nanyonyesha kando ya goli. Ningenyamaza tu, chumba kingekuwa chetu. Lakini nikaona alivyoikumbatia rimoti kama mtoto, mtu mzima na mvi zake. Nikashindwa.

"Shemeji, punguza moto wa injini kwanza. Halafu flapu nusu, pua uisukume chini kidogo. Ikitaka kuruka, usizirudishe."

"Urubani umesomea wapi wewe, darasa la saba?"

"Huko huko. Tatu umezivunja mbele yangu, na macho ninayo."

Dada alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi.

Kidole gumba chake kikaanza kupunguza moto, taratibu. Flapu zikainama nusu. Pua ikataka kupanda, akaisukuma chini, flapu akaziacha. Ndege ikagusa nyasi, ikadundadunda, ikasimama nzima.

"Mmeona?" akapiga kelele. "Nilisema mimi! Leo upepo umeniheshimu!"

Asante hata ya kuokota sikupata.

Nyumbani aliilaza ndege yake chumbani, akaifunika. Nikatandika godoro mlangoni, nikatafuta shuka la mwanangu, silioni. Nikaingia kule kwa Rubani, nikalivuta kutoka juu ya mabawa. Ndege haishikwi na mafua.