Jiwe Nililolitupa Kibumba

Sogea karibu, msikilizaji wangu, nikueleze harufu ya maharage yanayochemka juu ya mafiga, yale mawe matatu ya jikoni. Kila nikiisikia hapa Majengo, mtaani kwetu Goma, mgongo wangu unakumbuka jiwe.

Nilikuwa na miaka minane vita vilipotutoa Rutshuru. Tate, ndivyo tunavyomwita bibi huku kwetu, alijitwika godoro na sufuria. Kisha akang'oa figa moja jikoni, jiwe la mtoni, laini, la kijivu, akanifunga nalo mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga.

"Hii ndiyo nyumba," akaniambia. "Usiiache."

Barabara ilijaa watu, mbuzi, na magodoro yaliyoonekana kutembea yenyewe. Jiwe lilinivuta nyuma kila hatua. Siku ya pili, tulipofika Kibumba na umati umepungua, niliingia kichakani kama mwenye haja, nikalitupa. Karibu na Goma hofu ikanishika. Pale Kibati mawe meusi ya volkano yametapakaa kila mahali, nikaokota moja la ukubwa uleule. Kwa akili yangu, jiwe ni jiwe.

Tulipofika Goma, Tate alilifungua, akaligeuza mara mbili, akalipanga pamoja na mengine mawili ya hapohapo, akawasha moto. Maharage yaliiva vizuri, ila niliyala nikiwa nimelipa jiwe kisogo.

Miezi ikapita. Mwalimu wetu, aliyekimbia vita kama sisi, alikuwa amebaki na kitabu kimoja tu cha picha. Siku moja akatuonyesha nyumba kubwa ya mawe, shambani, kando ya mto: nyumba ya mwandishi mashuhuri wa Uskoti. Alitueleza polepole kwamba muzee huyo aliamka mapema kuandika, na kwamba alipenda sana habari za watu wa kale. Majengo ya zamani yalipobomolewa, aliomba mawe yake, hata mlango wa gereza, akavijengea ndani ya kuta zake ili visipotee.

"Mwalimu, kwao mawe yaliisha?" mmoja akauliza.

"Angekuja Goma, angechoka kuokota!" mwingine akadakia, darasa zima likacheka.

Mimi nililia. Muzungu yule alibeba mawe ya nyumba za wengine, na mimi nilishindwa kubeba moja la nyumba yetu. Nikakimbia nyumbani.

"Tate, jiwe hili si la kwetu. La kwetu nililitupa."

Aliendelea kuchambua maharage. "Mutoto wangu, unazani mimi ni kipofu? La kwetu lilikuwa laini kama upara wa babu yako. Hili lina matundu kama mukate. Ulilitupa wapi?"

"Kibumba."

"Watu walikuwa wamesha kupunguka?"

"Ndiyo, Tate."

"Basi lilikuwa limemaliza kazi yake. Lete kuni."

Nilifurahi kusamehewa, lakini sikuelewa. Nilielewa miaka mingi baadaye, vita vilipotutoa tena, safari hii kutoka Goma kuelekea Sake. Nilimfunga binti yangu mgongoni sufuria iliyojaa maharage. Alinung'unika njia nzima, akatembea polepole, ubavuni mwangu. Kando yetu akina mama walikuwa wakiita majina ya watoto waliotangulia mbio, wepesi, mikono mitupu, wakamezwa na umati. Hapo ndipo nilipouelewa uzito wa jiwe la Tate.

Tuliporudi na kujenga, jiwe la Kibati tulilitia ukutani, karibu na mlango. Limefanana na mengine yote. Binti yangu analijua kwa sababu niliushika mkono wake nikauweka juu ya jiwe hilo.

Nawe, leo jioni, muulize mkubwa wa kwenu alibeba nini siku ile ya kukimbia. Kisha kaa chini, usimkatize, mpaka amalize.