Kidirisha cha Upande wa Kushoto

Mwenzangu wa ofisini alipoanza kuisogelea skrini hadi pua ikaribie kuigusa, nilijua sukari imemfika machoni. Tulikuwa wawili katika chumba kile cha Garissa, mwishoni mwa miaka ya tisini, na kompyuta moja, tukitengeneza kurasa za kuonyesha visima vyenye maji na vilivyoharibika injini, kuanzia Balambala hadi Wajir. Yeye alitoka Hadado, upande wa Wajir, kwa wafugaji wa ngamia. Mimi nilikuwa mtoto wa mwalimu aliyehamishiwa Garissa akasahauliwa huko. Jicho lake la kulia lilikuwa limeshazimika. La kushoto likishindwa kusoma, angerudishwa nyumbani, na malishoni asiyeona hana kazi.

Ndipo tukaamua kujitengenezea chombo: kidirisha kidogo juu ya ukurasa, cha kutuambia kosa la programu liko mstari upi, kwa herufi kubwa atakazozimudu.

Mimi nilitaka kifunguke chenyewe kila kosa linapotokea. Nilipokijaribu, vidirisha vilifumuka skrini nzima na kompyuta ikaganda. Mwenzangu alicheka mpaka akafuta machozi.

"Mgeni gani hii, walaal, ndugu yangu, anaingia ndani ya nyumba bila salamu?" akasema. "Kwetu mtu anasimama nje ya ua ya miba, anasalimia mara tatu. Hakuna jibu, anarudi. Hii yako ni fisi."

Nilinuna, maana kazi ile ilikuwa imeniumiza kichwa. Lakini alisema kweli. Tukaweka alama ndogo nyekundu pembeni. Kosa likitokea, alama inasimama pale ikingoja. Ukiwa tayari unabonyeza kitufe kimoja, kidirisha kinakaribia. Ukikifunga hakifi, kinajificha tu, na ukikiita tena kinarudi pale pale ulipokiacha, kwa ukubwa ule ule. Hilo la mwisho alilishikilia kwa meno.

"Mgeni akirudi," alisema, "anapewa mkeka yake ya jana."

Basi akakivuta hadi pembe ya juu, kushoto kabisa, akakipanua nusu ya skrini. Kwangu kilikuwa kero tupu, kinafunika menyu yote. Kwake ndipo jicho lilipofika. Alifanya kazi hivyo kiangazi kizima, nami nikaanza kuamini kwamba tumeishinda sukari. Ujinga wangu.

Mvua za vuli zilipoanza, alikiita kidirisha, kisha akaniuliza kama kimefunguka. Nikamwambia kimefunguka. Akapapasa ukingo wa meza, halafu akaniomba nimtafutie lori la kwenda Wajir. Aliaga kila mtu pale ofisini, hata mlinzi wa lango, kwa mikono miwili. Kabla ya Ramadhani, jamaa zake walituita kwenye taar, ile redio ya kuongea na watu wa mbali, wakasema ametangulia mbele ya haki. Nililia pale mezani mchana kweupe, sikujali nani ananiona.

Nikabaki na kidirisha. Kila asubuhi nilikiita, nacho kikaja kushoto, kipana, na maherufi yake kama ya mtoto wa nasari. Menyu sikuiona, nikajifunza kuishi bila menyu. Nilimkumbuka sana, na hapo ndipo mahali pekee alipokuwa bado amekaa. Sikuthubutu kukisogeza, kwa sababu tulikiunda kikumbuke mahali pamoja tu, pale pa mwisho.

Kisha akaletwa mfanyakazi mpya, mtu mwema, mwenye bidii. Siku moja nilitoka kunywa chai, na niliporudi nikamkuta kwenye kompyuta anatabasamu.

"Hiki kidirisha kilikuwa kimekaa vibaya," akasema. "Nimekusogezea kulia, nikakipunguza."

Nilimwambia asante. Nikakaa, nikakifunga, nikakiita tena. Kikaja kulia, kidogo, bila kosa lolote, vile vile tulivyokifundisha.