Mwanafunzi Niliyemfelisha Somo la Ujasiriamali

Ninafundisha ujasiriamali katika chuo kikuu kimoja hapa Kampala. Nilikuja kutoka Nakuru na shahada mbili na mkataba wa miaka miwili, nikapanga nyumba Bugolobi, na mkataba umeendelea kuongezwa hadi leo. Sijawahi kumiliki duka. Sijawahi kuuza hata maandazi. Wanafunzi wangu walilijua hilo, nadhani, lakini hakuna aliyelitaja, kwa kuwa ratiba ya somo ilikuwa imejaa. Wiki za mwanzo tulitafuta wazo, zilizofuata tulichambua soko, na mwisho wa muhula kila kundi liliwasilisha mpango wa biashara mbele ya walimu watatu. Siku hiyo walivaa suti. Mwaka mmoja ni sharubati ya nanasi, mwaka mwingine ni kuku wa mayai, na kila mwaka lazima kuwe na programu ya simu ya kumuunganisha mkulima na mnunuzi. Mipango mingi ilipendeza kwenye slaidi na ikafa siku matokeo yalipobandikwa.

Katika darasa mojawapo alikuwapo binti aliyekaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Alikuja amechelewa, akaweka simu mbele yake, na ikitetemeka alitoka nje na kurudi baada ya robo saa. Vipindi vingine hakuja kabisa. Wiki ya kwanza nilikuwa nimewaambia wote kwamba sipokei udhuru bila barua, na yeye hakuwahi kuleta barua. Katikati ya muhula wenzake wa kundi walikuja ofisini kuniomba jina lake litolewe kwenye mpango wao, maana hakuhudhuria kikao hata kimoja. Nikalitoa. Mwisho wa muhula hakuwa na mpango wa kuwasilisha, nami nikamfelisha. Sikuona uchungu wowote. Nilikuwa na rundo la karatasi za kusahihisha, na yake ilikuwa rahisi kuliko zote.

Wakati wa likizo gari langu lilianza kuunguruma gurudumu la mbele. Fundi wa karibu na nyumbani alilifungua, akanionyesha beringi ya zamani iliyojaa kutu.

"Gali inalia kwa sababu hii imekufa, madamu," akasema. "Usinunue kwa watu wa njiani. Enda Kisenyi, pita msikiti, uliza duka la binti ya Hajji."

Akaifunga beringi ndani ya gazeti, nami nikapanda bodaboda.

Duka lilikuwa jembamba, rafu hadi darini, na mbele yake wanaume wawili walikuwa wakiziba rejeta barabarani. Binti wa Hajji alikuwa nyuma ya kaunta, simu ameibana kwa bega, akizungumza Kiluganda na mtu wa simuni na Kiswahili na dereva wa lori aliyesimama mbele yake.

"Hii haiwezi fika Gulu," alikuwa akimwambia dereva. "Naweza kukuuzia, lakini utanitukana ukiwa njiani. Ngoja kesho asubuhi, nakuletea ya Japani."

Dereva alinung'unika, kisha akakubali kungoja. Binti aligeuka kwangu, na ndipo nilipomtambua. Ndiye yule wa kiti cha nyuma.

"Madamu, karibu," akasema, bila kushtuka. Alifungua gazeti, akafuta namba kwa kidole gumba na kuisoma, kisha akaigeuza beringi upande wa pili. "Fundi alisema abadilishe na sili?"

"Hakusema."

"Basi hata mpya itakufa. Maji yanaingia kupitia hapa, unaona kutu imeanzia wapi? Chukua na sili, ule mpira wa kuzuia maji. Mwambie asiigonge kwa nyundo moja kwa moja."

Nilisimama na vitu vyangu mkononi nisijue niondoke vipi. Mwishowe nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba anaendesha duka.

"Ulisema udhuru lazima uwe na barua," akajibu. Hakuwa na hasira. "Ningeipata kwa nani? Mwenye duka ni mimi."

Baba yake alikuwa ndani, kwenye kiti cha plastiki, mkono wa kulia umelala mapajani. Alikuwa amepigwa na kiharusi wiki chache kabla ya muhula kuanza. Alimuuliza binti jambo kwa Kinubi, lugha ya nyumbani kwao, naye akamjibu. Kisha mzee akanigeukia, akasema kwa Kiswahili, neno moja moja:

"Unafundisha nini?"

"Biashara, Hajji."

"Vizuri," akasema. "Mpe mwalimu kiti."

Nilikaa pale kwa muda wa karibu saa mbili. Niliporudi nyumbani nilipitia slaidi zangu zote, nikatafuta mahali nilipofundisha kumshauri mteja asinunue. Hapakuwapo.

Chuo kilipofunguliwa nilimwendea mkuu wa idara. Nilimwomba aruhusu binti ahesabiwe kazi ya duka badala ya mpango. Alinisikiliza mpaka mwisho, naye si mtu mbaya.

"Mtaala unataka mpango ulioandikwa," akasema. "Duka si mpango. Na nikikuruhusu wewe, mwezi ujao wote wataniletea picha za maduka ya wajomba zao."

Nilijua wangeleta kweli. Kwa hiyo binti alirudia somo, na nikaamua kwamba badala ya yeye kunifuata ofisini, nitamfuata mimi Kisenyi kila Jumamosi asubuhi. Sitasema ilikuwa huruma tupu. Nilikuwa na aibu, na kwenda kule kuliipunguza.

Mwanzoni hakuona maana. "Mpango wa nini, madamu, na duka lipo?"

Tukaanza hivyo hivyo. Kwenye sehemu ya wateja aliandika neno moja: wote. Kila mwanafunzi huandika hivyo, nami nikalikata kwa mazoea.

"Hakuna mteja anayeitwa wote," nikamwambia. "Niandikie waliokuja wiki hii, mmoja mmoja, na walichonunua."

Aliandika kwa wiki tatu katika daftari la shule. Jumamosi ya nne tulilifungua juu ya kaunta, tukaanza kuweka alama. Zaidi ya nusu ya spea zilizotoka dukani zilikwenda kwa mtu mmoja, mwenye malori yanayokwenda kaskazini.

"Akihamia kwingine?" akauliza.

"Hilo ndilo la kuandika," nikasema.

Akaliandika kwenye sehemu ya hatari, na tatizo likaanzia hapo. Mwenye malori alikuwa rafiki wa baba yake tangu ujana. Wiki iliyofuata Hajji aliomba asomewe karatasi, na binti akamsomea bila kuficha.

"Umeandika rafiki yangu ni hatari?" mzee akauliza.

"Sikuandika yeye, Baba. Nimeandika duka."

Mzee aligeuza uso ukutani. Jumamosi mbili hakunijibu salamu. Nilitaka kumwambia binti afute ukurasa ule, na siku moja nikamwambia. Alikataa.

"Ni kweli au si kweli?" akaniuliza.

"Ni kweli."

"Basi uache ukae."

Aliamua kuongeza spea za pikipiki, kwa sababu waendesha bodaboda walikuwa wakipita mlangoni siku nzima bila kuingia. Hajji alisema zikae rafu ya nyuma kabisa. Binti alimjibu, "Ndiyo, Baba," akaziweka mbele.

Siku ya kuwasilisha alifika amechelewa, amevaa gauni lake la kazini, na kurasa chache mkononi. Hakuwa na slaidi. Mwenzangu mmoja alimuuliza atajitofautisha vipi na maduka mengine ya mtaa ule.

"Mtu akirudisha spea naipokea," akasema. "Siulizi risiti."

"Na wakikudanganya?"

"Wapo wanaodanganya. Mmoja napokea kwake mara moja tu. Baada ya hapo tunajuana."

Walimu walicheka, kisha wakamkata alama kwa kukosa jedwali la makadirio na kwa kupanga marejeo vibaya. Alipita kwa alama za kawaida. Sikumwongezea hata moja, na hakuniomba.

Mwenye malori bado ananunua kwake mpaka leo. Hatari tuliyoiandika haijatokea. Spea za pikipiki zilikaa miezi bila kuguswa, kisha zikaanza kutoka, na sasa Hajji hukaa karibu na mlango akibishana na waendesha boda juu ya mnyororo upi unadumu. Salamu yangu sasa huijibu, ingawa kuhusu ule ukurasa hatujazungumza.

Somo langu lilibadilika kidogo. Mpango ungalipo, kwa sababu mtaala unautaka na kwa sababu niliona unachoweza kufichua. Lakini wiki nne za mwanzo kila mwanafunzi huenda kusimama kwenye biashara ya mtu, soko la Owino au kwingineko, na kuniandikia maneno ya wateja kama walivyoyasema. Wengine hulalamika. Wengine hutunga, nami huzunguka sokoni kuwatafuta. Barua za udhuru sidai tena. Huuliza tu mtu alikuwa wapi.

Likizo iliyopita nilimwomba binti anipokee dukani wiki moja. Siku ya kwanza nilimuuzia mtu pedi za breki zisizo za aina ya gari lake, baada ya kumwambia nadhani zitaingia. Alizirudisha jioni ile ile. Binti alizipokea, akampa zinazofaa, akangoja aondoke.

"Madamu, usimwambie mteja unadhani," akasema. "Kama hujui, sema hujui, halafu niite."

Nilimwita mara nyingi wiki ile.