Sauti Aliyoiacha Mlangoni

Norman Sugden, mtoto wa mchimba makaa ya mawe wa Barnsley, kaskazini mwa Uingereza, alipoajiriwa kusoma habari redioni London, wakubwa walimwambia lafudhi ya kwao aiache mlangoni, kama viatu vya tope. Akaiacha. Mama yake, akimsikiliza jikoni, alikuwa akisonya: "Huyo si wangu. Huyo mtoto wa bwana mkubwa."

Miaka thelathini baadaye meneja mpya akamwita. Akamwambia siku hizi wasikilizaji wanataka sauti za watu wa kawaida, hasa wa kaskazini, kwa hiyo yeye apumzike.

"Mimi ni wa Barnsley!" Norman akafoka.

"Basi tusomee Kibarnsley, mzee."

Norman akashika karatasi, akasoma kwa lafudhi ya utotoni. Meneja akacheka hadi machozi.

"Acha, mzee. Watu wa Barnsley watadhani unawakejeli."