Meli Inayosimama Kila Kijiji

Nyumbani kwetu suala la meli lilijadiliwa kwa muda mrefu kuliko suala la ndoa yangu. Ndoa ilimalizwa kwa vikao viwili na mbuzi mmoja. Meli ilichukua msimu mzima wa kahawa, tangu tunaanza kuchuma mpaka magunia yanatoka ghalani, na Desemba ilipobisha hodi watu wa familia hii bado walikuwa wanavutana.

Aliyeanzisha yote ni mama. Mama yangu ni Mnyasa wa ufukweni mwa ziwa, kutoka kijiji kidogo kilicho mbele ya Liuli ukielekea kaskazini, na aliolewa na Mmatengo wa Matiri, ambaye ndiye baba yangu. Tangu tukiwa wadogo tulimsikia akisema jambo moja kila anapopepeta maharage: "Siku moja nitafika kwetu kwa meli, na mume wangu nyuma yangu, wanione." Gari alikwisha kulipanda mara nyingi, kwenye misiba na kwenye harusi, na hakuna aliyetoka nje kumtazama. Yeye alitaka meli. Mwaka huu alisema tena maneno yale yale, ila hakumalizia kwa kicheko. Aliongeza kwamba kaka yake mkubwa, mjomba wetu, macho yameanza kufifia, na kama ni kuona, aone sasa. Hapo nikaelewa kwamba likizo hii, ya kwanza tuliyowahi kuipanga kama familia, haikuwa ya wanangu kucheza na mchanga tu.

Tatizo lilikuwa baba. Baba yangu haogopi kitu, isipokuwa maji. Analima ngoro, yale mashimo yetu ya kilimo, kwenye miteremko ambayo mgeni akiitazama tu anatafuta pa kushika, lakini bwawa la samaki la jirani hulipita kwa mbali. Alipokwenda kumposa mama, zamani hizo barabara haijafika, mshenga wake alipanda meli kama watu wengine. Baba alikataa. Akashika njia ya ufukweni kwa miguu, akivuka mito penye mawe, na alipofika amejaa malengelenge, alimkuta mshenga amekwisha kuoga, amekwisha kula kuku, na mashangazi wa mama wanamsifia kwamba bwana harusi ni mtanashati. Mpaka leo mjomba akimwona baba humsalimia hivi: "Mlamu, tulikaribia kumwoza mshenga!" Mlamu ndiyo shemeji kwa watu wa kule. Baba hucheka, ila mimi mwanawe najua kicheko chake cha kweli kinavyofanana, na hicho sicho.

Mama naye ana hadithi ya upande wake. Alipoletwa Matiri kama bibi harusi, alikuwa hajawahi kupanda kitu kirefu kuliko ngazi za kanisa. Njia ilipoanza kupanda, juu ya korongo, akachungulia bondeni. Akakaa chini kwenye vumbi na nguo zake mpya, akasema anamtaka mama yake. Watu wakamshauri, wakambembeleza, wapi. Baba, ambaye si mtu wa maneno, akateremka mpaka pale alipokaa akamwambia, "Nipe mkono. Usitazame chini." Mama husimulia hapo na kumalizia, "Nikampa, na mpaka leo hajaurudisha."

Basi tukakutana Matiri, Jumapili baada ya misa, tuamue. Mume wangu alikuja amejiandaa. Yeye ni mtu wa Singida, mtumishi aliyehamishiwa Mbinga kikazi, na maji mengi aliyoyaona utotoni yalikuwa kwenye ndoo. Ndiyo maana ziwa limemlewesha. Alitembeza simu yake, akatuonyesha picha za meli mpya: ghorofa zake, viti vyake vya kulalia, televisheni, mahali pa chakula. Wanangu wawili walikuwa upande wake kabla hajafungua mdomo. Lakini meli mpya haisimami kijijini kwa mama. Hupita mbali huko, na ingetubidi tushuke bandari ya mbele, tutafute gari, turudi nyuma. Kuna nyingine ndogo ya zamani, nikawaambia, inayokwenda pwanipwani.

"Kopo lile?" mume wangu akauliza. "Kitu kikuukuu namna ile tupakie watoto?"

Nikamwambia hata yeye si mpya na bado tunamtumia. Mimi ni mwalimu, na jibu likishafika mdomoni silirudishi.

Muda wote huo baba alikuwa anakoroga chai isiyo na sukari. Mwishowe akauliza, "Hiyo ndogo inasimama wapi?"

"Kila kijiji, baba."

"Kila kijiji?"

"Kila kijiji."

Akaweka kijiko. "Basi hiyo. Nikiona mambo mabaya, nitashuka."

Sikuamini masikio yangu. Wanangu waliruka, mume wangu akashusha simu, nami nikamtazama mama nione machozi ya furaha. Mama alikuwa ameinuka anakwenda jikoni kuongeza chai, na chupa ilikuwa imejaa. Sikulitilia maanani.

Siku ya safari tuliondoka Mbinga kwenye ukungu, sote na masweta, na kila tulipomaliza kona moja ya kuteremkia Mbamba Bay mtu alivua nguo moja. Kufika bandarini tulikuwa jasho tupu, nguo zimejaa mikononi, tunajulikana kabisa kwamba tumetoka juu. Baba peke yake hakuvua. Alivaa jaketi la kuokolea juu ya sweta lake kabla hata ya kukanyaga melini, akafunga kila kamba, akakumbatia kapu la jogoo aliyempelekea mjomba.

Meli yenyewe, nikiri, ilikuwa imepakwa rangi juu ya rangi mpaka misumari haionekani. Mabenchi ya mbao, magunia ya mahindi, baiskeli, kreti za soda, harufu ya dagaa na mafuta ya injini. Lakini ilikuwa fupi na ya chini, maji yapo hapo karibu unayaona, na haikupita muda wanangu walikuwa wanajulikana na kila abiria. Mama mmoja aliyekuwa anarudi kwake Lundu alimfundisha binti yangu kusalimia kwa Kinyasa, na binti yangu akazunguka meli nzima akiwasalimia watu, wengine mara tatu. Mume wangu alisimama mbele upepo ukimpiga usoni. Hakutaja ghorofa wala televisheni. Mimi niliona raha ambayo sijaiona tangu nianze kazi, nikavua viatu.

Baba alichagua kukaa katikati kabisa, mahali ambapo pande zote za maji zilikuwa mbali sawasawa.

Kituo cha kwanza kilikuwa kijiji kimoja kabla ya Liuli. Meli ikapiga honi, ikapunguza mwendo, ikasimama. Baba akainuka anyooshe miguu ardhini. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Mbona haijafika?"

"Imefika, babu," binti yangu akamjibu. "Wale wanashuka."

Kweli walikuwa wanashuka. Ngazi ya chuma ilikuwa imening'inizwa ubavuni, chini yake mitumbwi imejipanga inachezacheza, na mama mwenye mtoto mgongoni alikuwa anateremka huku anaendelea na maongezi yake na mtu wa juu. Nchi kavu ilikuwa kule, na miti yake na watoto wake wanapunga mikono. Baba akakaa polepole.

"Nilidhani kuna stendi," akasema.

Mimi pia nilidhani hivyo. Sote tuliozaliwa juu tulidhani hivyo. Nikageuka kwa mama, nikamkuta anaangalia ziwa kwa makini sana.

"Mama, ulijua kwamba hakuna gati?"

"Hamkuniuliza. Mliuliza inasimama wapi. Si hii imesimama?"

"Mimi sishuki," baba akasema. "Nitakwenda nayo mpaka ifike mahali penye ukuta."

Uso wa mama ulibadilika. Alikuwa amebahatisha, na sasa aliona amepoteza, kwamba atafika kwao kwa meli kama alivyotaka, halafu mume wake apite na meli anawapungia mkono mashemeji, na utani wa mshenga upate mdogo wake. Niliwakasirikia wote wawili. Nilimkasirikia mama kwa kuficha, baba kwa ubishi, na mume wangu kwa jinsi alivyokuwa ananitazama bila kusema neno juu ya meli mpya na gati zake.

Kilichotuokoa ni njaa. Mitumbwi iliyoleta watu ilileta pia mbasa wa kukaanga, mihogo na maembe, na meli ile ilivyo chini, unainama tu unapokea. Mama akanunua, akamwekea baba samaki mapajani. Baba akala. Akaomba mwingine. Na kwa kuwa mtu hawezi kula samaki mwenye miiba huku amefumba macho, ikabidi atazame, na kwa kuwa aliogopa kutazama maji, akatazama juu yake, kwenye milima.

"Kule nyuma ndiko kwetu?" akamuuliza mama.

"Nyuma ya ule mrefu. Zaidi ya hapo."

Baba akaacha kutafuna. Amekaa kwenye milima ile maisha yake yote na hakuwahi kuiona kutokea ziwani. "Kumbe tunakaa juu namna hii?"

"Ndivyo nilivyoiona asubuhi ile naondoka kwetu," mama akasema. "Nikajua nimekwisha."

Baba aliendelea kuitazama milima mpaka Liuli ikapita, na mwiba wa samaki bado ulikuwa kwenye vidole vyake.

Kijijini kwa mama meli ilipiga honi mara mbili, na ufukwe ukajaa. Mume wangu akashuka na watoto kwenye mtumbwi wa kwanza, wanangu wakipiga kelele za furaha. Mtumbwi wa pili ukasogea. Mama akajifunga kanga upya, akashika ngazi, akateremka. Huyu ni mama yangu ambaye kupanda ghalani huomba msaada! Alifika chini akasimama ndani ya mtumbwi, wima, maji yanauchezesha naye anacheza nao, na nikaona kwa mara ya kwanza msichana aliyeondoka pale. Nilimwonea fahari.

Pale nchi kavu, mjomba alikuwa amesimama, fimbo kwapani, mikono mdomoni. "Mlamu! Au umemtuma mshenga tena?"

Ufukwe mzima ukaangua kicheko. Baba alikuwa kwenye ukingo, kapu la jogoo kifuani, hasogei. Baharia akamwambia, "Mzee wangu, tunaondoka." Mimi nilikuwa nyuma yake.

Mama akainua mkono wake. Akasema kwa Kimatengo, lugha aliyofundishwa na baba, ili watu wa mtumbwini wasielewe: "Nipe mkono. Usitazame chini."

Baba alimtazama. Halafu akageuka akanikabidhi jogoo.

Alishuka vibaya. Jaketi lilinasa kwenye ngazi, mguu ukatafuta chuma ukakosa, na abiria wote upande ule wakawa wanamwelekeza kwa pamoja, kulia, kushoto, chini kidogo, mzee. Mkono mmoja ulishika ngazi na mwingine ulinyooka nyuma, unapapasa hewani, mpaka mama akaudaka. Akaketi chini kabisa mtumbwini, kwenye maji yaliyotuama, na suruali yake ya misa. Meli ikapiga makofi. Mimi niliteremka baada yake na kapu begani, nalia na kucheka, sijali nani ananiona.

Njia yote mpaka ufukweni baba hakuyatazama maji. Alimtazama mama usoni. Wanawake walipiga vigelegele tangu tuko mbali, na mjomba akaingia ziwani mpaka magotini na fimbo yake, akausogelea mtumbwi akauinamia, amtambue mtu.

"Ni yeye kweli," akatangaza. Kisha akamwambia baba, "Mlamu, nimekaa na utani mmoja miaka yote hii, na leo umeniharibia."

"Utatafuta mwingine," baba akajibu, akacheka. Kilikuwa kile kicheko chenyewe.

Tukapelekwa kivulini, mikeka imetandikwa, ugali wa muhogo unafuka moshi na samaki wamejaa sinia. Watu walisalimiana, shikamoo zikapishana, wanangu wakapotelea kwa binamu zao. Binti wa mjomba akaja na jagi na beseni, akapiga magoti mbele ya mama kwanza, kwa heshima ya mgeni wa siku. Mama hakunyoosha mikono. Alikuwa anamtazama baba ubavuni mwake, ambaye bado alikuwa amevaa jaketi lake la kuokolea, ametulia kabisa, anazungumza na mjomba habari za bei ya kahawa.

"Nipe mkono wangu," mama akamwambia. "Nataka kunawa."