Aliyefichwa Nyuma ya Magunia

Usiku ule wa kuamkia Jumapili nililala mapema kwa sababu ya maumivu ya goti, na wala sikuwa nikimuwaza mama. Nikamwota. Jua limewaka, anafua nguo kwenye karai, na kando yake ameketi Mama Wairimu, jirani yetu wa kambini. Kuwaona pamoja kulinifanya nisite kusogea. Wote wawili walifariki bila kusemezana, na kilichowatenga ni mimi.

Wakati wa vita vya kupigania uhuru tulitolewa makwetu kwa nguvu, tukatiwa kwenye kijiji kilichozungushiwa handaki na seng'enge. Nyumba moja iligawiwa familia mbili. Kati yetu na Mama Wairimu palining'inia magunia tu. Surua ilipoingia, askari walipita kila asubuhi kuwachukua watoto wenye homa na kuwapeleka banda la wagonjwa. Huko kulikuwa na dresa mmoja, mfunga vidonda tu, asiye na dawa ila ya kupaka vidonda, na watoto walilazwa chini, wamebanana. Wengi hawakurudi.

Nilikuwa na miaka saba nilipougua. Mama alinificha pembeni upande wetu, nyuma ya magunia yale, akawaambia askari nimekwenda kuchota maji. Nilipona. Wiki mbili baadaye Kamau, mtoto mchanga wa Mama Wairimu, akatokwa na vipele, akafia mikononi mwa mama yake. Tangu siku hiyo mama hakuweza kumtazama jirani yake usoni, nami nikakua nikijua kwamba mimi ndiye niliyemuua Kamau.

Sasa ndotoni nasogea. Hatuko uani tena, tuko ndani ya nyumba ile ya kambi, ila ina madirisha makubwa na hewa inapita. Mama amembeba Kamau mgongoni. Mtoto amenenepa, amelala fofofo. Napiga magoti mbele ya Mama Wairimu nimwombe radhi, lakini ananishika bega kwa mkono wenye povu la sabuni.

"Nyambura, nilikuwa nakusikia ukikohoa," anasema. "Askari aliniuliza kama kuna mgonjwa upande wenu. Nikamwambia hakuna."

Namuuliza kwa nini, na yeye alikuwa na mtoto mchanga. Anaonekana kushangaa kuulizwa.

"Ulikuwa mtoto. Ningewezaje kukutoa upelekwe kule?"

Kisha ananieleza, polepole, kwamba hakuwahi kumkasirikia mama. Mama ndiye aliyekuwa akimkwepa njiani, akigeukia upande mwingine kila walipokutana, mpaka mwenzake akachoka kumsubiri.

Mama anakamua shuka, hanitazami. "Sisi tumeshazungumza," anasema. "Mwambie binti yake, Wairimu."

Wakaendelea kufua, wakiongea mambo yao na kucheka, wakanisahau kama watu wazima wanavyomsahau mtoto aliye karibu. Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Mto ulikuwa umelowa, lakini kifua kilikuwa chepesi hata nikakaa kitandani kwanza, nikivuta pumzi tu.

Wairimu, binti mkubwa wa yule jirani, anaishi Nakuru. Kwa miaka yote hii tumekuwa tukisalimiana misibani na kuachana hapo hapo. Nilimpigia simu kabla sijanawa uso. Nikamsimulia yote, na la Kamau pia, jambo ambalo sikuwahi kumtajia mtu.

Kisha akaniambia kwamba asubuhi ile ya askari alikuwepo, ameshika nguo ya mama yake. Alijua nimelala nyuma ya magunia. Askari alipoondoka, mama yake alimkanya asilitamke jambo lile kwa mtu yeyote, naye hakulitamka hadi leo.

"Alisema hakuna mgonjwa," akasema Wairimu. "Nilimsikia kwa masikio yangu."

Tukalia kidogo, kila mtu kwake. Halafu akaniuliza kama mama yake alionekana mzima.

Nikamwambia nilimwacha anacheka.